Viganja Ukutani

Ukitaka kujua nani mwenye nguvu katika nyumba, usimtazame anayejenga. Kujenga hata mchwa anajua, wala hakufunzwa na mtu. Mtafute yule ambaye akisema basi, mikono yote inashuka na kila mtu anakwenda kukaa. Katika nyumba ya akina Sikudhani mtu huyo alikuwa Sikudhani mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye tabia ya kuuma ncha ya ushungi wake akiwaza, na asubuhi ninayokusimulia alikuwa ameuuma hata umelowa. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa mashariki, kiganja ameinua, na hakuthubutu kuugusa.

Nisikufiche mji wenyewe uko wapi, maana siwapendi watu wanaoficha mlango kisha wakamcheka mgeni akipapasa. Mji huo umo ndani ya kichwa cha binti mmoja anayeitwa Mize, nyuma ya sikio lake la kushoto, pale ambapo uzi wa kusikia hutoka sikioni kwenda ubongoni. Wakazi wake ni wadogo kupita kuonekana. Kazi yao tangu dunia iwe dunia, yaani tangu Mize awe Mize, ni kuuviringa uzi huo. Kila nyumba imejikunja kuzunguka kipande chake, tabaka juu ya tabaka, ili habari zinazopita ndani zisivuje njiani. Na habari zenyewe ni sauti, kila sauti aliyopata kuisikia Mize: mvua juu ya bati, jogoo wa jirani asiyejua saa, mchi kinuni, na zaidi ya zote sauti ya mama yake. Jua mjini humo hakuna. Siku huanza sauti zikianza kupita na huisha zikinyamaza, na Mize akilala mchana basi zimekwisha siku mbili katika moja na hakuna anayelalamika.

Mama yake Mize aliitwa Bi Hasanati, msusi wa ukili, mwanamke mkavu wa maneno. Kutwa nzima alisuka na kuamrisha. Mize, funika maji. Mize, huo mkeka wako unapinda, fumua. Mize, chumvi umeipenda mno au umeisahau? Maneno hayo yalipita chini ya miguu ya Sikudhani yakiwa moto, yakamtetemeshea sakafu, yakaenda zake juu kwa Wazee wa Kutozaa, wale wakazi wa ubongoni walioapa kutogawanyika maisha yao yote ili wakumbuke. Sikudhani hakuwahi kumwona Bi Hasanati na hatamwona. Alimpenda lakini, tena kwa upendo wa kijinga, ule wa mtu anayempenda mpita njia kwa mlio wa viatu vyake. Kila nyumba ya mji huo ina kazi; Sikudhani peke yake alikuwa na kazi na furaha.

Sasa sikiliza mila yao, maana shauri lote limo humo. Kila siku ikianza, nyumba huweka viganja kwenye kuta zinazopakana na kusema, Nimekugusa. Upande wa pili hujibu, Nimeguswa. Nyumba iliyoguswa pande zote inajua nafasi imejaa, na hapo Mwenye Basi, mtu kama Sikudhani, hulitamka neno lake moja, wajenzi wakaweka chini matofali. Ikiwa jirani amekufa na ukuta ni baridi, Mwenye Basi huuzuia ulimi wake, na nyumba huruhusiwa kugawanyika mara moja kuziba pengo. Kugawanyika kwao si mchezo. Kila mtu wa nyumba hunakiliwa, kovu kwa kovu, na waraka wa nyumba, ulioandika kila mtu na kazi yake, hunakiliwa mstari kwa mstari. Kabla nyumba mpya haijafungwa, Mwenye Basi hupitisha kidole chake juu ya nakala yote kutoka neno la kwanza hadi la mwisho.

Kwa kuwa hata mkazi husahau, nyumba ina Wenye Basi wawili, mmoja wa kuumeni, upande wa baba, na mmoja wa kukeni, upande wa mama. Mmoja akiugua mwingine yupo. Ila katika mji huu wa Mize, Wenye Basi wote wa kuumeni walizaliwa bubu, nyumba zote, bila kubakiza. Waraka uliotoka kwa baba ulikuja na doa mahali pao. Baba yake Mize mwenyewe alifariki akiwa hasikii hata radi, na watu walisema amelogwa. Kwa hiyo mabubu hao walipewa viti vizuri, wakatangulizwa chakula, wakaitwa mabwana, na mzigo wote ukawa juu ya wanawake wa kukeni. Ndivyo heshima inavyofanya kazi mahali pengi ninapopajua. Katika nyumba ya Sikudhani bwana huyo aliitwa Mbaruku, mzee mwenye fimbo na macho yasiyopitwa na kitu.

Ni lini Sikudhani alikosea? Jana, au miaka tisa iliyopita, au wakati huu ninaponena. Katika mji usio na jua, kosa halina tarehe. Liko tu, kama harufu ya mafuta ya taa. Mize alikuwa amepata homa kali, jirani wa mashariki akafa, ukuta ukapoa. Nyumba ikagawanyika. Nakala ikaletwa, Sikudhani akakaa nayo magotini, kidole mstari kwa mstari, ulimi kati ya meno. Alikuwa amefika karibu na mwisho pale ilipopita chini yake sauti ambayo hajawahi kuisikia. Bi Hasanati alicheka. Homa ilikuwa imemtoka binti yake, akaomba uji, akaumwaga wote kifuani, na yule mwanamke mkavu akacheka kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake. Sikudhani akainua kichwa. Akafumba macho. Kicheko kilipokwisha akarudisha macho kwenye waraka, na kidole chake, alichoamini hakikusogea, kilikuwa kimeshuka mstari mmoja.

Mstari alioruka ulikuwa wake mwenyewe, mstari wa Mwenye Basi wa kukeni, na mnakili alikuwa ameuharibu. Mbaruku aliona. Akagonga fimbo sakafuni mara tatu, akagonga tena. Sikudhani, bado ana ule utamu wa kicheko masikioni, akadhani mzee ana kiu. Akaenda akamletea kikombe cha maji. Mbaruku akakishika kikombe, akamtazama, hakunywa. Nyumba mpya ikafungwa.

Ndani ya nyumba mpya aliishi Sikudhani mwingine. Sura ile ile, kovu lile lile la mkono, ncha ya ushungi iliyolowa. Siku za mwanzo viganja vyao vilijibizana vizuri. Kisha asubuhi moja Sikudhani wetu akasema nimekugusa, na ukuta haukujibu. Haukuwa baridi. Ulikuwa wa vuguvugu na ulikuwa unasogea, kidogo kidogo, kuja kwake. Kesho yake nyumba ile ilikuwa mbili. Kisha nne, kisha hakuna aliyehesabu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuachia neno la kufanya ukuta unapojijenga wenyewe bila ufa wowote.

Na kila dirisha lilikuwa na Sikudhani. Ukipita njiani wanakuamkia kwa sauti yako. Hili ndilo lililomchosha kuliko matofali. Mtu akikutana na adui huja na silaha. Akikutana na nafsi yake mara mia, tena zote zina afya na zinatabasamu, aje na nini? Alianza kujishuku. Nani kasema mimi ndiye wa asili? Labda mimi pia ni nakala ya mtu aliyeinua kichwa mahali fulani. Labda lile neno ninalotamka kila asubuhi halisikiki, na wajenzi wangu wanashuka kwa mazoea tu. Labda. Basi. Basi. Sikiliza linavyosikika ukilirudia. Jepesi. Neno jepesi hivi limeushikaje mji?

Ndipo alipopiga moyo konde akaenda kubisha mlango wa kwanza wa mashariki, mlango wa yule aliyetoka kwake. Alikaribishwa kwa ukarimu, akapewa mkeka. Nyumba ilijaa watu wa kazi waliopita na matofali mabegani, wakimwomba radhi kwa kumkanyaga. Hakukuwa na ugomvi mle, wala uchafu. Angekuta uchafu angefarijika.

"Mwenzangu," alisema Sikudhani wetu, "sema neno letu."

"Lipi?"

"Unalijua. Waambie watu wako basi."

Yule wa pili akageuka kwa wajenzi, akasema basi, kwa upole na kwa usahihi, herufi zote zimo. Wajenzi wakaitika naam bibi, wakapandisha tofali lililofuata. Hakuna aliyemdharau. Neno lilikuwa limetoka kinywani kama maji yanavyotoka kwenye kichujio, na yeye mwenyewe hakuona tofauti.

"Umeridhika?" aliuliza. "Kwani tunamdhuru nani, dada? Hatuibi, hatuui. Tunaishi."

"Mnaubana uzi."

Akaulizwa uzi upi. Hapo Sikudhani akaangalia mikono ya mwenyeji wake na kuona kuwa haijashika kitu. Nyumba ile na zote zilizotoka kwake hazikuviringa chochote. Zilikuwa zimejipanga moja juu ya nyingine, migongo kwa uzi. Hawasikii. Tangu wafungiwe humo hakuna sauti iliyopita chini ya sakafu yao. Akamuuliza kwa hofu kama hakumbuki hata sauti moja.

"Nakumbuka mwanamke akicheka," yule wa pili akajibu. "Nikiwa bado sijakamilika. Tangu hapo kimya. Nikadhani tukiendelea kujenga huenda tutamfikia."

Sikudhani aliondoka mle bila kuaga. Alilia njiani, na wenziwe wa madirishani, kwa kuwa nyuso zao ni uso wake, walionekana nao wanalia.

Kuanzia siku hiyo sauti zilipungua. Wembamba wake ulikuja kwa hila: kwanza walipotea ndege wadogo, kisha mlio wa kijiko kwenye kikombe. Kisha maneno ya Bi Hasanati yakaanza kufika yametobolewa. Mize, fu… maji. Mize, mke… unapi… Na kwa kuwa Bi Hasanati hakujua ya ndani, alichojua ni kwamba anaita na hajibiwi. Akaanza kugomba. Akasema binti amekua, kaota pembe. Akasema, kwa sauti iliyopasuka na kufika nusu, kiburi hicho umekitoa wapi. Binti alijibu samahani mama, akajifunza kukaa kushoto kwa mama yake ili sikio la kulia liwe upande wa maneno, na akitembea alipitisha mkono ukutani kwa sababu ardhi ilikuwa imeanza kumsogea. Alimkumbuka baba yake. Hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, kila mtoto ameambiwa hivyo, na kila mtoto huficha.

Hili ndilo lililomnyima Sikudhani usingizi ikiwa nyumba za uzini hulala. Haikuwa sauti peke yake itakayopotea. Nyumba za mashariki zilikuwa zimekwisha kuupita uzi na sasa zilikuwa zinaegemea shina la ubongo, pale wanapokaa wale wanaokumbusha pumzi ipande na ishuke. Wazee wa Kutozaa hawakuwa na habari. Wao hujua tu kile uzi unachowaletea, na uzi hauna sauti ya kusema unabanwa. Kuna njia moja tu ya mwenye nyumba kupeleka kelele juu: alegeze viringo lake mwenyewe, tabaka kwa tabaka, habari zivuje, uzi upige mlio. Ni mwiko. Nyumba iliyolegea hairudi kukaza kama zamani. Na walio nje, wakisikia mlio, watakuja na chuma, na chuma hakibishi hodi kikauliza nani ni Sikudhani yupi.

Nitakata masikio ili nisikike, aliwaza Sikudhani. Nitaharibu kile nilichokipenda. Kwa nini mimi? Kwa sababu niliinua kichwa. Mtu mmoja, mara moja, kwa kicheko. Ningezaliwa kiziwi kama wale wa mashariki ningekuwa na haki ya kujenga. Mwenye nguvu ni nani hapa, mimi nisemaye basi au wao wasiolisikia? Nguvu ya kuzuia ni nguvu gani, ikiwa haionekani mpaka ikosekane? Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa nyumba ambazo hazikujengwa. Hazionekani. Mji mzima umesimama juu ya mambo ambayo hayakutokea, na nilikuwa mlinzi wa hayo. Nikalala. Sikulala, nilisikiliza. Ni sawa. Si sawa.

Alikwenda kwa Mbaruku akapiga magoti mbele ya kile kiti kizuri. Akamwambia yote: kidole, mstari, kicheko, kikombe. Alisema alimletea maji wakati mzee alikuwa anamwonya, na kwamba miaka yote hii amekuwa akimwita bwana bila kumtazama usoni. Mbaruku alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kikombe kile kile, bado kimejaa, akampa. Sikudhani akanywa. Mzee akasimama kwa fimbo yake, akauendea uzi, akawa wa kwanza kuingiza kucha kwenye tabaka la juu.

Walilegeza pamoja, yeye na bubu wake. Mlio ulianza mwembamba kisha ukajaa, mlio mmoja usiopumua, na ukapanda juu kwa kuwa wakati huo uzi ulikuwa bado na upenyo. Siku ya kwanza Mize alitikisa kichwa. Siku ya pili alitia mafuta ya nazi sikioni. Siku ya tatu, mama yake akisuka, binti aliuacha mkeka wake.

"Mama, sikioni mwangu kuna mtu anapiga sufuria. Hanyamazi."

Ukili ulidondoka, hata Sikudhani aliusikia ulivyoanguka.

"Tangu lini?"

"Zamani. Nilikuficha."

"Baba yako naye alianza hivi," alisema Bi Hasanati, na hakugomba tena.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Ilipita ngurumo ya mashine kubwa iliyogonga na kugonga, na mji mzima ukajiona unatazamwa, uchi, nyumba kwa nyumba. Ilipita sauti ya mwanamume mtulivu, daktari, iliyosema kuna uvimbe, wa kuzaliwa nao kwa maana fulani, umekua taratibu na sasa unagusa mahali pabaya. Alisema utatolewa. Alisema sikio la kulia nalo litaangaliwa kila mwaka, kwa sababu huko nako, na Sikudhani akajua anachosema, wamekaa mabwana bubu kwenye viti vizuri. Bi Hasanati akauliza kuhusu kusikia. Daktari akasema upande wa kushoto haahidi. Akauliza kuhusu uhai. Daktari akasema kwa huo watampigania, na kwamba wamewahi. Miezi michache zaidi wangechelewa.

Wakazi wa mji waliisikia hukumu yao wakiwa kazini. Wa mashariki hawakuisikia, wakaendelea kujenga. Wengine walikuja mlangoni kwa Sikudhani kumlaani kwa kuvunja mwiko, naye hakuwafukuza. Aliwaambia kosa ni lake tangu mwanzo, akawaonyesha kidole. Walikitazama kidole kile, kidogo, cha kawaida, wakarudi makwao.

Asubuhi ya chuma, Mize alilazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mama yake akainama upande wa kushoto, upande uliokufa, akidhani huenda ni bora kusema pale ambapo hatasikiwa. Sikudhani alihisi pumzi yake ikigonga mlango wa sikio. Akamwita Mbaruku, na wote wawili wakayakaza matabaka kwa nguvu zilizobaki, wapate kulipitisha neno moja zima.

"Mize, unisamehe," alisema Bi Hasanati. "Nilidhani ni kiburi."

Lilikuja lote, kila herufi, likatetemesha sakafu kama zamani. Likavuka nyumba ya Sikudhani na kufika penye kuta za mashariki, na pale likaishia. Halikupanda. Sikudhani alilisubiri lipenye, kisha akaelewa kwamba katika dunia yote ni yeye tu aliyeupokea msamaha ule ukiombwa, na haukuwa wake. Hapo alihisi uchungu ambao hata siku ya kosa hakuupata.

Kisha kukasikika kelele upande wa magharibi, kutoka mji wa uzi wa jirani, ule unaoleta habari za shavu. Ilikuja ukuta kwa ukuta, nyumba ikiiambia nyumba, viganja vikigonga kwa haraka ambayo mila haiijui. Mama amemwekea mkono. Ameuweka shavuni na hajautoa. Nimeguswa, walikuwa wakisema, nimeguswa, nimeguswa, na huko juu, kwa njia nyingine ambayo hakuna aliyeibana, Wazee wa Kutozaa walikuwa wamekwisha kuambiwa.

Sikudhani akauendea ukuta wa mashariki, ule aliouogopa. Ulikuwa wa vuguvugu, ulikuwa bado unakuja. Nyuma yake alijua amesimama mwanamke mwenye kovu lake, anayejenga kukifuata kicheko. Akaweka kiganja.

"Nimekugusa," akasema.

Ukuta haukujibu. Hakuuondoa mkono. Mbaruku akaweka wake juu ya wa kwake, na wakabaki hivyo mpaka chuma kilipofika.